Lori Linalowasha Kulia

Maoni ya kwanza niliyofungua Jumatano ile yalisema hivi: "Mchezo mzuri sana, hongereni, mmeniua mara nne kabla sijafika Chimala." Mashine yetu ya kupima maoni ilikuwa imeyapa alama za juu kabisa. Iliona "mzuri," ikaona "hongereni," ikaridhika. Kwa sababu ya ujinga huo wa mashine mimi nina kazi, mshahara na kiti kinachozunguka.

Naitwa Subilaga Mwaisumo. Ninasoma maoni ya wachezaji wa Nchi Nzima, mchezo wa mbio za magari ambao ndani yake zimo barabara zote za nchi, za lami na za vumbi, na unakwenda utakako bila kuulizwa na mtu. Watu wanaupenda kupita kiasi, wala siwalaumu. Tangu magari ya kweli yaanze kujiendesha na usukani kung'olewa, mahali pekee pa kukanyaga mafuta kwa mguu wako mwenyewe ni humo. Wapo watu wazima wenye wajukuu wanaoomba ruhusa kazini ili wakapande Mlima Kitonga kwa gia ya pili.

Kila Ijumaa saa sita mchana, lalamiko lenye kura nyingi kuliko yote hurekebishwa. Wiki iliyopita walirekebishwa mbuzi wa Igawa, waliokuwa wakivuka barabara kinyumenyume. Wiki hii ilikuwa zamu ya lori.

"Lori namba 4471 linadanganya," aliandika mmoja anayejiita Dereva Bila Leseni. "Ukifika Kona ya Sufuria linawasha kulia. Nimepita kwa ubishi mara kumi na mbili, mbele hakuna hata baiskeli. Lirekebishwe." Chini yake kulikuwa na kura elfu tisa na ushee.

Nilimwelewa, maana mimi ni mtoto wa dereva. Zamani, lori likiwa mbele yako mlimani na wewe huoni kitu, dereva wake alikuonea. Akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia pita, njia nyeupe. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Hakuna sheria iliyoandika hivyo. Madereva walifundishana wenyewe, na mtu aliikabidhi roho yake kwa taa ya mtu asiyemjua hata jina. Wachezaji wetu wamefundishana upya kupitia maoni, na sasa wanaishika desturi hiyo kuliko wazee walioianzisha.

Lori hilo walishalipa jina, Mzee Kulia, na walikuwa wakiligombania vikali.

"Mwacheni Mzee Kulia, ndiye mwenye adabu peke yake barabara nzima."

"Amenichelewesha sekunde kumi na moja nikakosa kombe. Simsamehi hata akifa."

"Hawezi kufa, ni kivuli."

"Basi simsamehi hivyo hivyo."

Hapo nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akageuka. Ni kweli, ni kivuli. Magari yote usiyoyaendesha wewe mle ndani yanaendeshwa na vivuli. Miaka ile ya mwisho ya usukani, kampuni za usafirishaji zilifunga kinasa ndani ya malori yao, kiboksi kisichozidi kipande cha sabuni, kikawa kinanasa mkono, mguu na jicho la dereva. Kivuli hakirudii safari, kinarudia tabia. Kiwekee mbuzi barabarani, kitapunguza mwendo vilevile alivyopunguza mwenyewe. Kinajua mkono ulifanya nini. Kwa nini ulifanya, hakijui, na waliokitengeneza hawajui pia.

Kisha nikafika kwa mchezaji anayejiita Polepole wa Mafinga.

"Baba yangu alifia Kona ya Sufuria nikiwa binti wa miaka minane. Askari aliandika kwamba marehemu alipita lori kwenye kona bila kujali. Mama aliishi na hasira hiyo mpaka naye tukamzika. Alikuwa akisema, mwanaume mzima, alikuwa anawahi nini? Mimi ninacheza ili niipite kona ile tu, nyuma ya Mzee Kulia, taratibu. Lori kama hili lingekuwa mbele ya baba siku ile, lingemkataza. Naomba msiliguse."

Alikuwa na kura kumi na tisa. Niliumia moyo, nikayaweka kwenye maoni ya kutunza, nikaendelea, kwa sababu nilikuwa na mengine mia sita ya kusoma kabla ya saa kumi.

Yaliyonisimamisha yalikuwa malalamiko ya mtu ambaye hata hasira hakuwa nayo. "4471 lina wazimu mwingine," aliandika. "Likikaribia Igurusi, mahali hakuna nyumba wala mtu, linapiga honi. Ndefu moja, fupi mbili, ndefu. Kila safari. Ni nini?"

Niliisoma kwa sauti. Ndefu, fupi, fupi, ndefu. Kisha nikaigonga mezani kwa kidole, na kidole kikaendelea chenyewe mara ya pili.

Mahali hapo palikuwa na nyumba. Ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na waliopima ramani ya mchezo walikuta majani matupu. Honi ile ilimaanisha: mama Subi, injika maji ya ugali, nimefika. Sisi watoto tulikuwa tunakimbizana kufungua geti.

Nilikaa kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Baba yangu yuko hai. Asubuhi ile tulikunywa naye chai.

*

Nilimkuta nyumbani Kihesa, nyuma ya nyumba, akimwagilia mchicha. Mzee Ambokile Mwaisumo aliendesha malori miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hajakaa kiti cha mbele cha gari lolote. Hata siku ya msiba wa mama alikaa nyuma, kati ya shangazi wawili wanene, wakati mbele palikuwa wazi. Tulidhani ni mgongo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umewahi leo, wamekufukuza?"

"Bado. Njoo uone kitu."

Nikamfungulia kishikwambi, nikakaa nyuma ya 4471 kutoka Makambako. Mwanzoni alitazama kwa dharau ya fundi aliyeletewa kazi ya mwenzake. Kisha akaanza kusogea.

"Huyu ni dereva," alisema. "Umeona alivyoiachia ile gari ndogo? Hana papara. Aah, gia! Hapo hapo!" Akapiga paja. "Nani huyu?"

"Ni wewe, Baba."

Alinitazama kuona kama ninamtania. Nikamweleza kinasa, nikamweleza vivuli. Akasema aliwahi kusaini karatasi, lakini waliwaambia ni kwa ajili ya matairi.

"Kwa hiyo nipo humo."

"Upo humo."

"Na sichoki?"

"Huchoki."

Alifurahi, nisiseme uongo. Alifurahi mpaka tulipoipita Mafinga na lori likaanza kupanda kuelekea Kona ya Sufuria, mahali ambapo zamani lori la vyombo lilipinduka na kata nzima ikapikia sufuria mpya mwaka ule. Lori likawasha kulia. Mbele hapakuwa na kitu, nilikuwa nimetazama ramani. Likaimaliza kona, likasogea pembeni kwenye kalavati, likawasha taa zote za dharura, likasimama sekunde arobaini. Halafu likaondoka.

Baba alikuwa ameacha kupumua kwa kelele zake za kawaida.

"Kinasa kilichukua na hilo?" aliuliza.

"Baba, pale unamkataza mtu kwa sababu gani? Njia ni nyeupe."

"Pana matope."

"Mwaka mzima?"

"Wewe hupajui pale."

Sikuelewa kwa nini amekasirika, na mimi nikikosa kuelewa huwa naongea sana. Nikamwambia asijali, mwisho wake ni Ijumaa. Lalamiko limeshinda kwa kura. Wataunyoosha mkono wa kivuli, njia ikiwa nyeupe kiwashe kushoto kama malori mengine.

Aliweka ndoo chini.

"Kushoto? Pale?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila atakayekuwa nyuma yako. Elfu kumi kwa siku, labda zaidi."

Alikaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji, yakamlowesha suruali, wala hakuinuka.

"Kulikuwa na pikapu," alisema. "Ya bluu. Tangu Mafinga ilikuwa imening'ang'ania nyuma, inaniwashia taa. Nipishe, nipishe. Saa tisa alasiri, jua, nimetoka Tunduma bila kulala. Nilichoka naye, Subi. Pale kwenye kona nilitazama mbele. Nilitazama, lakini nilitazama kama mtu anayetaka kuona nyeupe. Nikawasha kushoto."

Nikazima kishikwambi.

"Lori la mafuta lilikuwa linateremka, dereva wake ameachia gia, halina hata mlio. Yule kijana alipita kwa sababu mimi nilimwambia apite. Alinipungia mkono akiwa ubavuni kwangu. Alinishukuru."

"Polisi uliwaambia nini?"

"Niliwaambia sikuona kitu." Akatazama mikono yake. "Siku ile ulikuwa na homa, umelazwa Chimala. Nilisema nikishikwa mimi, nani atakuja kukutoa? Kesho yake nikasema nitasema kesho. Imekuwa miaka ishirini na mitatu."

Nilimwonea huruma, nikamchukia, nikamwonea huruma tena, vyote kabla maji hayajaacha kuchuruzika kwenye suruali yake. Na mwishoni kabisa, nikiwa nimechelewa kama mashine yetu, nikamkumbuka Polepole wa Mafinga.

*

Alhamisi nilimuuliza bosi wangu, Bwana Chengula, kama kurekebishwa kwa kivuli kunaweza kupingwa.

"Na mwenyewe tu," alisema. "Ajitokeze, aandike pingamizi na sababu zake kwenye maoni, wazi, kila mtu asome. Halafu tunaahirisha. Kwani umempata mwenyewe? Angekuwa mzuri sana kwa matangazo!"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Wewe huwa huulizi tu," alisema, akaenda kula.

Sasa nieleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Kazini nina kitufe kimoja chenye nguvu kuliko mshahara wangu. Nikiona maoni ni kejeli, ninayawekea alama ya kejeli, na mfumo unayageuza: sifa inakuwa lalamiko, lalamiko linakuwa sifa, pamoja na kura zake zote. Hakuna anayenikagua, kwa kuwa hakuna mwingine ofisini anayejua mtu anatania wakati gani. Ningemwekea alama Dereva Bila Leseni, kura zake elfu tisa zingehamia upande wa kulitetea lori. Kivuli kingeendelea kuwasha kulia. Baba angebaki na siri yake, yule binti angebaki na Mzee Kulia wake, na mimi ningebaki na kiti changu.

Nani angeumia? Nilijiuliza hivyo asubuhi nzima, na kila mara jibu lilikuwa hakuna, na kila mara sikuridhika nalo. Kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kuumia tena. Huyo ndiye aliyeandikwa kwenye faili la polisi kwamba hakujali. Mkewe alikufa na hasira juu yake kwa jambo ambalo hakulifanya. Alipewa njia akaipita, na akapunga mkono kushukuru.

Lakini huyo binti naye je? Amekaa nyuma ya lori lile miaka sijui mingapi akipata faraja. Nimwambie kwamba faraja yake na aliyemuua baba yake ni mkono mmoja? Kwa haki ipi? Na nikinyamaza, ni kwa haki ipi? Kidole changu kilikaa juu ya kitufe mpaka kioo kikazima chenyewe kwa kuona hakuna mtu.

Sikubonyeza. Sitaki kujisifu, sikujua ninachofanya. Nilijua tu kwamba kazi yangu ni kumsomea mtu maoni yaliyomhusu, na yapo yaliyomhusu Baba ambayo hajasomewa.

Nilimsomea jioni ile, kabla ya chakula. Nilisoma polepole, bila kuongeza neno. Nilipofika kwenye "lingemkataza," Baba aliinua mkono nisimame, kisha akaushusha nimalizie. Alipoinuka kwenda chumbani hakuaga, na ugali wake ulipoa pale pale mezani.

*

Ijumaa saa tano na nusu mlinzi alinipigia simu kwamba kuna mzee amekuja kwa miguu kutoka Kihesa, amevaa koti, anasema ana maoni.

Nilimkalisha kwenye kiti changu kinachozunguka. Alikishika kwa mikono miwili kisizunguke.

"Kwanza nipe nimfuate," alisema.

Nikampa usukani wa majaribio. Kwenye orodha ya magari alipita mekundu yote na ya fedha, akachagua pikapu ya bluu. Nilitaka kumkataza, ila alikuwa ameshaigusa. Akaanzia Mafinga, nyuma ya lori lake mwenyewe, mikono yake ikiwa pale pale ilipokuwa siku zote, saa nne na saa nane. Kwenye mpando lori likawasha kulia. Baba akatulia nyuma yake. Lilipoegesha kwenye kalavati, naye akaegesha, akakaa sekunde zote arobaini ameinamisha kichwa. Mle ofisini watu walikuwa wanajifanya wanafanya kazi.

"Andika," alisema.

Niliandika kama alivyosema, sikumpambia. "Mimi ni Ambokile Mwaisumo. Lori namba 4471 ni mimi. Msiliwashe kushoto pale Kona ya Sufuria. Nililiwasha mimi mara moja, mwaka wa mafuriko, saa tisa alasiri. Kijana wa pikapu hakukosea. Alipita kwa sababu nilimruhusu. Polisi niliwaambia sikuona kitu, na huo ni uongo. Ambaye ni mwanawe, asome hapa."

"Kuna lingine?"

"Hakuna."

Nikabonyeza kutuma. Fomu ikakataa. Ikaandika kwa maandishi mekundu: chagua nyota kwanza.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inataka nyota, Baba. Moja mpaka tano. Bila nyota haiendi."

"Nyota za nini? Za mchezo au zangu?"

Miaka sita nimefanya kazi ile na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia sijui. Alizitazama zile nyota tano tupu muda mrefu, ikawa saa sita kasoro kumi na mbili, halafu akanyoosha kidole gumba chake kipana na kugusa ya kwanza. Maoni yakaenda.

Bwana Chengula akaja mbio, karatasi mkononi, ameshasoma kwenye kioo chake. Alipouona uso wa Baba aliikunja karatasi, akasimama pembeni ya meza.

Saa sita kasoro tano kulitokea jibu chini ya maoni yale. Lilikuwa la Polepole wa Mafinga, na lilikuwa swali.

"Taa zake zilikuwaje?"

Nilimsomea Baba. Hakufikiri hata kidogo.

"Moja," alisema. "Alikuwa ananiwashia taa moja. Ya pili ilikuwa imepasuka, imefungwa nailoni ya njano, kamba imezungushwa mara mbili. Naiona kwenye kioo mpaka leo."

Nikaandika hivyo. Nikatuma, na safari hii fomu haikuuliza nyota. Tukasubiri. Kioo kilionyesha kwamba anaandika, kikaacha, kikaonyesha tena, kikaacha. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikujua namwogopea nani kati yao.

Jibu lilipokuja ilikuwa saa sita kasoro moja.

"Nailoni nilishika mimi, baba akafunga kamba. Msiliondoe hilo lori wala msilirekebishe. Sijui bado nataka kulifanya nini."

"Amesemaje?" Baba aliuliza.

Nikamsomea. Akaniomba nisome tena.